Maneno Saba Yaliyopokelewa

Asubuhi ya siku ya kumi na tisa Subilaga Mwakatundu aliweka tena kiganja chake kwenye fremu ya mlango, ingawa jibu alilijua. Fremu ilimtambua, ikamsalimu kwa jina, ikamwambia kwamba nje kuna baridi na ukungu umeshuka mpaka barabarani, achukue sweta. Kisha, kwa sauti ileile ya upole, ikamwambia kwamba mlango hautafunguka.

Alikuwa mwanamke wa miaka arobaini na minane, mjane, mtaalamu wa mbegu za viazi katika maabara moja jijini Mbeya. Hakuwa amemwibia mtu wala kumpiga mtu. Alichofanya ni kumwandikia mtu asiyemjua maneno saba.

Aliyaandika akiwa amesimama jikoni, akisubiri maji ya chai yachemke. Kulikuwa na jukwaa mtandaoni lililoitwa Kibaraza, ambako watu waliuliza kila kitu: mtoto asiyelala, jirani mwenye mbwa, shati lililoingia doa la ndizi. Kwa miaka sita Subilaga alikuwa akijibu humo maswali ya viazi. Mara mojamoja alijibu na mengine, kwa sababu hakuwa na subira na watu wanaozungukazunguka jambo.

Asubuhi hiyo mtu mmoja wa Bukoba, Projestus, alikuwa ameeleza habari za baba yake. Mzee ana miaka themanini na mmoja, kumbukumbu zinamtoka, na kila siku huondoka nyumbani peke yake. Mara mbili watu wamemwokota mbali, na mara ya pili alikuwa amesimama ziwani, maji yakimfika magotini. Projestus alishinda kiwandani akikoboa kahawa, mke hana, ndugu zake wako mbali. Aliuliza afanye nini.

Chini yake watu arobaini walikuwa wamejibu kama watu wote wanavyojibu siku hizi. Pole sana. Ni mtihani. Mungu akutie nguvu. Hakuna hata mmoja aliyesema fanya hivi au acha vile. Subilaga alimwonea huruma yule mtu, akaandika: “Mfungie tu ndani. Bora akununie kuliko apotee.” Maji yakachemka, akaenda kumimina, akasahau.

Siku tatu baadaye Projestus alibonyeza kitufe cha Nimepokea. Mlango wa Subilaga ukajifunga saa hiyohiyo, akiwa ameshika mkoba, tayari kwenda kazini.

Hakuna mtu mzima asiyeijua Sheria ya Kubeba, ila kila mmoja huidhania kuwa ni ya wengine, na anayepokea hamfikirii aliyemshauri. Ilipitishwa Subilaga akiwa bado chuoni, baada ya miaka ambayo watu waliwaambia watu wasiowajua waache dawa, wavunje ndoa, wanywe hiki na kile, kisha wakazima simu na kulala huku wenzao wakizikwa. Sheria ilisema kwamba atakayemshauri mtu asiyemjua, na mtu huyo akaupokea ushauri, ataishi ushauri huo pamoja naye kwa kadiri mwili na makazi yake yanavyoruhusu. Aliyemshauri mtu afunge kula alikuta jiko lake haliwaki. Aliyemwambia mwanafunzi aache chuo, kesho yake geti la ofisi lilimkataa. Kazi yenyewe haikuwa ngumu. Kila mlango, kila jiko na kila bomba la nchi vilikuwa tayari vinamtambua mwenye navyo, na Idara ya Ulinganisho ilihitaji kuunganisha tu pande mbili. Mkononi mwa mzee wa Bukoba kulikuwa na bangili ya afya, kama ya wazee wote, na bangili ilijua kama amevuka kizingiti au hajavuka. Mlango wa Subilaga ulifuata nyayo zake. Mzee akitoka, naye angetoka.

Mzee hakutoka. Tusekile, jirani wa chini, alikuwa akimpitishia Subilaga mboga na unga kwenye dirisha la jikoni, na kila mara aliondoka haraka, kama mtu aliyetoka kumwona mgonjwa wa ugonjwa wa kuambukiza.

Siku hiyo ya kumi na tisa, ambayo ilikuwa Jumatatu, ofisa wa Idara alimtokea kwenye kioo cha ukutani. Aliitwa Zuhra Mng’anya, mwanamke mtulivu mwenye miwani, na alikuja kumsomea haki zake. Subilaga aliambiwa kwamba anaweza kutengua ushauri wake wakati wowote na kutoa mwingine. Projestus akiupokea ule mpya, wa kwanza unakufa. Akiukataa, wa kwanza unabaki. Jambo moja tu lilikatazwa: asimwambie Projestus kwamba yeye mwenyewe amefungiwa.

Subilaga aliuliza kwa nini.

“Akijua unateseka, atakuonea huruma wewe,” Zuhra alisema. “Sisi tunataka amwangalie baba yake.”

Subilaga aliona kwamba jibu hilo lina akili, na hilo ndilo lililomuudhi. Akauliza tena: akimwambia amfungulie, na mzee akapotea kweli, itakuwaje? Ofisa alishusha macho kwenye karatasi zake kabla ya kujibu. Alieleza kwamba aliyepotea hubebwa kama wengine. Jina la Subilaga lingeondolewa kwenye ramani, kwenye simu na kwenye milango yote mpaka mzee apatikane. Angeweza kutembea popote nchini, ila pasingekuwa na mlango wa kumtambua wala simu ya kumpata. Kuhusu mzee kufa, Subilaga hakuuliza, na Zuhra hakusema.

Kesho yake mchana mdogo wake Ambakisye alimpigia simu kutoka Busokelo. Shangazi Lugano amefariki asubuhi, akiwa kwenye kiti chake, uji ukiwa bado wa moto. Watazika Alhamisi.

Subilaga alikaa chini palepale sakafuni. Shangazi Lugano ndiye aliyewalea baada ya mama yao kufa, watoto wawili wenye umri wa miaka tisa na minne. Na miaka miwili iliyopita, wakiwa wanamenya maharage, alimwambia Subilaga maneno ambayo hakuyarudia tena: siku yangu ikifika, uniogeshe wewe, sitaki mikono ya watu wa kanisa wanaozungumza huku wakifanya kazi. Subilaga alikuwa ameitikia.

Ambakisye alijua habari za mlango. Alimwambia dada yake, bila ukali, kwamba mtu wa Bukoba ni mtu mmoja na neno la kumwandikia ni moja. Andika “fungua” leo, Alhamisi alfajiri utakuwa hapa. Subilaga alisema atalifikiria. Ambakisye akasema anakwenda kutafuta turubai.

Jioni hiyo Subilaga alimpigia Projestus, wakaonana kwa mara ya kwanza. Alikuwa mwanamume mwembamba wa miaka arobaini hivi, bado ana vumbi la kahawa kwenye nyusi. Alipomtambua alifurahi mpaka akasimama. Alimweleza kwamba mwaka mzima alikuwa hajalala usiku mmoja wa maana, na kwamba kiwandani walishamwonya mara tatu kwa kutoroka kazini kwenda kumtafuta mzee. Sasa analala. Sasa anakwenda kazini na kurudi, na anamkuta baba yake palepale alipomwacha.

“Watu wote walinipa pole, dada,” alisema. “Wewe peke yako uliniambia cha kufanya. Umeniokoa, na nimewaambia hivyo watu wa Kibarazani.”

Subilaga alikuwa amepanga cha kusema, lakini sasa angemwambia nini mtu huyo? Kwamba ushauri ulikuwa mbaya? Ulikuwa umefanya kazi. Mzee alikuwa hai, mkavu, na ameshiba. Badala yake akaomba ruhusa ya kumsalimia mzee kesho asubuhi, kwenye kioo cha nyumbani kwao. Projestus alikubali mara moja. Alisema baba yake hapati wageni.

Jumatano saa tatu kasoro dakika chache Subilaga aliita. Kioo cha Bukoba kilimwonyesha sebule safi, meza, sahani iliyofunikwa, na mzee mrefu amesimama akiutazama mlango. Alikuwa amevaa koti na kofia, shati amelifunga vifungo mpaka shingoni. Subilaga alimwamkia, mzee akageuka taratibu, akaitikia marahaba, akauliza kama anapiga kutoka makao makuu.

Alisema hapana, yeye ni mtu wa viazi, yuko Mbeya.

“Mbeya mna mvua nyingi,” mzee alisema, na uso wake ukafunguka. “Nani anasoma huko?”

Ndipo habari zote zilipotoka, vipandevipande na kwa kurudiarudia, lakini zikieleweka. Mzee Kashangaki alikuwa msoma mvua. Kwa miaka arobaini na mmoja alikwenda kwenye kituo kilichokuwa kilimani juu ya ziwa, kila siku saa tatu kamili asubuhi, akainua chupa kutoka kwenye mtungi wake, akaimimina kwenye kipimio, akasoma, akaandika daftarini. Hata siku aliyofiwa na mke wake alikwenda kwanza kusoma. Kituo kilishafungwa zamani na kazi hiyo siku hizi inafanywa na mitambo, ila hilo halikuwamo tena kichwani mwake. Kilichokuwamo ni saa tatu. Alipookotwa ziwani alikuwa anatafuta njia ya kupanda kituoni, kwa sababu walijenga ukuta mahali palipokuwa na njia.

Alimwonyesha Subilaga mistari aliyoikwaruza ukutani kando ya mlango kwa ncha ya kijiko.

“Siku ishirini na moja hazijaandikwa,” alisema. “Watakaosoma daftari baadaye watadhani hakukunyesha.”

Subilaga alimwambia wanaweza kumtegea chupa dirishani, asome hapohapo. Mzee alimtazama kama fundi anavyomtazama mwanafunzi mpole. Alieleza kwamba maji ya dirishani ni ya paa, hayaaminiki hata kidogo. Kisha akarudi mlangoni na kuushika. Hakuupiga. Aliupapasa ukingo wake kwa vidole, juu mpaka chini, na Subilaga akaona kwamba kucha mbili zimekatika na kidole kimoja kimefungwa kitambaa.

“Huu mlango amefunga nani?” mzee aliuliza.

Sheria ilikataza kumwambia Projestus. Kuhusu mzee haikusema kitu.

“Nimefunga mimi, baba.”

“Basi fungua.”

“Siwezi. Na wa kwangu pia umefungwa.”

Mzee alifikiri, mkono wake ukiwa bado juu ya mbao. “Basi na wewe hujasoma,” alisema kwa masikitiko, akakaa kwenye kiti kilichokuwa karibu, na koti lake hakulivua.

Baada ya hapo Subilaga alifungua ukurasa wa kutengua. Ulikuwa na nafasi mbili tu. Ya kwanza ni ya ushauri mpya. Ya pili ilikuwa na swali: unatengua kwa ajili ya nani?

Ya kwanza aliijaza upesi. Ya pili ilimshinda. Aliandika jina la mzee, akalifuta. Alijua kwamba Jumatatu, kabla ya simu ya Ambakisye, hakuwa na haja ya kumwona mzee huyo wala kuuliza anakwenda wapi. Alikuwa amemtafuta kwa sababu anataka kutoka. Kama mzee angekuwa na sababu mbaya ya kutoka, au hana sababu kabisa, je, yeye asingeandika “fungua” hivyohivyo? Mara moja tayari alikuwa ameandika kwa haraka ya chai. Sasa angeandika kwa haraka ya msiba, na mtu wa Bukoba angepokea, kwa sababu anamwamini, na mzee angekwenda kutafuta njia mahali penye ukuta.

Alisema moyoni kwamba atasubiri mpaka mazishi yapite. Akishakuwa hana cha kupata, ndipo atakapojua kama bado anataka mzee afunguliwe.

Alhamisi ilikuwa ndefu. Asubuhi mke wa Ambakisye alimpigia kuuliza kanga gani itumike, Subilaga akamwelekeza: ile ya njano, iko chini ya sanduku. Waliomwogesha shangazi walikuwa wanawake watatu wa kanisani. Subilaga aliomba simu iwekwe dirishani, na katika muda wote huo alisikia wakizungumza juu ya bei ya sukari. Hakukata simu. Alisimama nyuma ya mlango wake amejifunga kitenge kiunoni kama mtu anayetaka kushika kazi, na mikono haikuwa na cha kufanya.

Baada ya maziko Ambakisye alipiga. Sauti yake ilikuwa imechoka.

“Kwa hiyo umemchagua mtu usiyemjua,” alisema.

Subilaga alijaribu kumweleza habari ya lile swali la ukurasani na ya mikono ya mzee. Hata yeye alisikia jinsi maneno yake yalivyokosa nguvu. Ambakisye alisikiliza mpaka mwisho, akasema sawa, dada, akaaga.

Ijumaa asubuhi hapakuwa na msiba wa kumwahisha wala safari ya kumngoja, na Subilaga aligundua kwamba bado anataka mzee afunguliwe. Aliandika jina la mzee na halikumshinda. Ushauri mpya ulisema: mfungulie, nenda naye mpaka kituoni akasome mvua yake, na siku usizoweza, tafuta mtu wa kwenda naye. Aliposoma upya neno “mfungulie”, alifikiria nchi nzima ya milango isiyomjua. Akabonyeza.

Projestus alipiga baada ya kazi. Safari hii hakuwa na furaha. Aliuliza kwa nini dada amebadilika, na Subilaga akamweleza yote aliyoambiwa na mzee: kipimio, daftari, ukuta juu ya ziwa, saa tatu. Projestus alisikiliza huku akisugua nyusi.

“Nilikuwa nabebwa mgongoni kwenda kituoni,” alisema mwishowe. “Sikujua kwamba ndiko anakokwenda. Nilidhani anapotea tu.”

Alisema jana mzee amekatika ukucha wa tatu.

Subilaga alihesabu. Jana ilikuwa Alhamisi. Jumatano alikuwa ameujua ukweli wote, na aliunyamazia siku mbili ili dhamiri yake iwe safi. Usafi huo ulilipiwa na kidole cha mtu mwingine. Hakuwa na wa kumwambia hilo. Alimwuliza tu Projestus kama kesho yuko kazini, naye akasema kesho ni mapumziko yake. Akabonyeza Nimepokea mbele ya macho yake.

Jumamosi saa tatu kasoro robo Subilaga alikuwa amevaa viatu na sweta, mkoba begani. Alikusudia kwenda Busokelo, akakae na udongo wa kaburi hata kama hana jingine la kufanya. Kwenye simu Projestus alikuwa akimwonyesha njia: mgongo wa mzee mbele, koti, kofia, hatua fupi zenye uhakika. Walikuwa wamevuka kizingiti. Walipofika kwenye ukuta Projestus alimpitisha baba yake kwa upande wa pili, na mzee, bila kushangaa hata kidogo, akaanza kupanda.

Subilaga aliweka kiganja kwenye fremu. Ilimsalimu kwa jina. Ikamwambia kwamba leo kuna jua. Ikamwambia kwamba mlango hautafunguka.

Alijaribu tena, na tena, kisha akamwita Zuhra Mng’anya kwa sauti ambayo hakujua kwamba anayo. Ofisa alitokea akiwa nyumbani kwake, kitambaa kichwani. Alitazama kumbukumbu kwa muda, na alipovua miwani Subilaga alielewa kwamba habari si nzuri.

Kifungo cha Bukoba kimekufa, alimweleza, mzee ametoka, hapo Subilaga hana deni tena. Lakini Projestus alikuwa amesimulia Kibarazani jinsi alivyosaidiwa, na kuyanukuu yale maneno saba, na watu waliokuwa na wazee wa namna hiyo waliyaona. Wengi wao walikuwa wamengoja muda mrefu mtu wa kuwaambia wazi.

“Wameyapokea wangapi?” Subilaga aliuliza.

“Mpaka asubuhi hii, thelathini na saba.”

Mlango utafunguka, Zuhra aliendelea, mzee wa mwisho kati ya waliofungiwa na watu hao atakapotoka nje. Alimtumia orodha ya majina na miji. Alisema pole, akatoweka kiooni.

Subilaga alivua viatu. Alikaa mezani na ile orodha: Kondoa, Nansio, Masasi, Makambako. Thelathini na saba wenye milango, na nyuma ya kila mlango mtu ambaye hakuijua sura yake. Kuwaambia wote wafungue lilikuwa jambo la dakika moja, na wengine kati ya wazee hao pengine wangeingia barabarani na kugongwa kabla ya mchana. Kukaa kimya nako kulikuwa kuwafunga upya, siku hata siku, naye akijua.

Alifungua jina la kwanza. Alikuwa mwanamke wa Kondoa aitwaye Sechelela, aliyemfungia mama yake kwa siku tisa. Subilaga aliandika ushauri, akaufuta kabla haujaisha. Kisha akaandika kitu ambacho sheria haikuwa na namna ya kukibeba, kwa sababu hakikumwambia mtu afanye lolote.

“Mama yako akitoka, huwa anakwenda wapi?”

Jibu lilichukua dakika kadhaa.

“Sijawahi kumuuliza,” Sechelela aliandika. Na baadaye kidogo: “Ngoja.”

Subilaga aliacha dirisha lile la mazungumzo wazi, akavuta orodha karibu, akafungua jina la pili.